Chakula cha jioni si deni la dada zetu

Salamu kwa wazazi wetu wa hapa Rumonge, kwa wenzetu wa Minago, Magara na Nyanza-Lac, kwa walioko Musenyi na Nyankanda, na kwa wale waliobaki ng'ambo ya ziwa, Baraka na Fizi, ambao kila jioni tunaona jua likizama nyuma ya milima yao, yaani milima yetu.

Wiki hii tulikuwa tumepanga kuandika juu ya vitambulisho. Hayo tutayarudia. Leo tunaandika juu ya sufuria. Najua wengine mmeshacheka: eti vijana wazima, wakimbizi, mambo yote haya ya vita na kukimbia, wanakaa kuandika juu ya sufuria! Chekeni, lakini msomeni mpaka mwisho. Maana katika sufuria hiyo kuna mtoto mmoja wa kwetu aliyepoteza shule, na aliyempotezea ni mmoja wetu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenye kisa ametupa ruhusa tukiandike, bila jina. Ni kijana wa kikundi chetu. Yeye na dada yake walikuwa darasa moja, mwaka wa tisa, wakafanya konkuru pamoja. Dada alikuwa anamshinda kwa Kifaransa, anamshinda kwa hesabu, na hata Kirundi, lugha ambayo sisi tuliokuja wakubwa bado inatutoa jasho, yeye alikuwa ameishika. Matokeo yakatoka: kaka amepita, dada ameanguka. Nyumbani wakasema, "Basi, huyu hana kichwa cha kitabu, abaki amsaidie mama sokoni." Jambo likaisha hivyo.

Lakini kwa yule kaka halikuisha. Alikuja kwenye mkutano wetu akasimama akasema, "Mimi ndiye niliyemwangusha." Tukashangaa. Akaanza kuhesabu. Saa kumi na moja jioni wote wawili wanarudi nyumbani. Yeye anaoga, anachukua daftari. Dada anachukua ndoo. Dada akirudi na maji anawasha makala kwenye mbabula, anachambua mchele au anapepeta unga, anaosha ndagala, anakata mboga, anapika, anagawa, anaosha vyombo. Saa mbili na nusu usiku ndiyo anakaa chini. Saa hiyo umeme umekatika au macho yamefunga. "Na mimi," akasema yule kaka, "kitu kimoja tu nilichofanya jioni yote ni kuuliza: chakula kiko wapi?"

Mkutano ulinyamaza. Tulinyamaza kwa sababu kila mvulana pale alikuwa ameuliza swali hilo jana yake.

Tuseme ukweli wetu. Tarehe 8 Machi tunaweka picha za maua kwenye simu, tunaandika "Heri kwa mama zetu, nguzo ya nyumba." Jioni hiyo hiyo tunaikalia nguzo tukingoja bugali.

Sasa tangu tulipokubaliana kwamba wavulana wa kikundi wapike, kila mmoja kwao, angalau jioni tatu kwa wiki, maneno yamekuwa mengi. Tumesikia mtaani, tumesikia msikitini na kanisani, tumesikia kwa wazee tunaowaheshimu na kwa wenzetu tunaokunywa nao chai. Tumeona tuyajibu hapa, moja moja, kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Neno la kwanza: "Mwanamume hashiki mwiko, si mila yetu."

Wazee wetu, shikamooni. Twendeni wote alfajiri kwenye mwalo, pale mitumbwi ya taa inapoingia na ndagala. Wale vijana na wababa waliokesha ziwani, nani aliwapikia? Wanapikiana wenyewe. Anayesonga bugali ni mwanamume, anayepasua samaki ni mwanamume, na mkono wake haujakauka. Halafu jioni tupite barabarani, kwenye mishikaki. Anayekata nyama, anayepuliza makaa, anayegeuza mshikaki na kupaka chumvi ni nani? Kijana wa kiume. Tuingie kwenye vioteli karibu na stendi ya magari ya Bujumbura: huko nyuma jikoni, kwenye sufuria kubwa za maharagi na ndizi, wamejaa wanaume. Na wazee, mkumbuke mlivyokimbia. Wengi wenu mlivuka ziwa mkiwa peke yenu, wake na watoto wamefuata baadaye. Wiki zile mlikula nini, na nani alipika?

Kwa hiyo mila haimkatazi mwanamume kuwa karibu na moto. Ziwani anapika, barabarani anapika, kambini anapika. Mahali pekee anapokatazwa ni nyumbani, mahali ambapo hakuna anayelipa. Sisi tunasema hiyo si mila, ni hesabu ya faranga tu imevaa nguo ya mila.

Neno la pili: "Msichana anapika ili ajifunze kuwa mke."

Sawa. Na mvulana anayekaa akingoja, anajifunza kuwa nini? Kila jioni kuna shule mbili ndani ya nyumba moja. Mmoja anajifunza kupika bila kusoma, mwingine anajifunza kuamrisha bila kujua chakula kinatoka wapi. Huyu wa pili siku akifika Bujumbura kwa masomo, au akipata bahati ya kusafirishwa kwenda Canada kama wengine wa kwetu, anakula mkate na soda miezi mitatu mpaka anaumwa tumbo. Tunao ndugu huko. Wanatupigia simu usiku kutuuliza maharagi yanawekwa maji kiasi gani. Hatuwasemi vibaya, lakini aibu hiyo tumeitengeneza wenyewe hapa.

Neno la tatu: "Kama mama amechelewa, si tunywe chai na mandazi tulale? Kuna shida gani?"

Hili ndilo neno tamu, kwa sababu linaonekana linamwonea mama huruma. Mama ametoka nyumbani kabla ya jua, amekaa kuanika ndagala au kuuza mihogo sokoni, anarudi saa kumi na mbili na nusu miguu imevimba. Basi, chai na mandazi, yaishe. Siku moja hakuna shida, sisi wenyewe tumeshakunywa chai tukalala. Shida ni pale inapokuwa jioni nne kwa wiki. Mandazi ni unga na mafuta na sukari. Yanajaza tumbo la mtoto, hayamjengi. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo ndani ya mboga na maharagi, na mtu anayekosa chuma damu yake inapungua. Wasichana na wajawazito ndio wanaoumia mbele.

Na hapa Burundi hili si jambo dogo. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2016–2017 ulikuta watoto 56 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao haulingani na umri wao. Ni kati ya viwango vya juu kabisa duniani. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Anaugua kirahisi, na darasani kichwa kinachelewa kushika. Wengi wa watoto hao hawakulala njaa kila siku. Walishiba bugali mtupu, muhogo juu ya muhogo, na muhogo una nguvu ya kutembea lakini hauna cha kujenga mwili. Kwa hiyo tukisema "chakula cha jioni kiwe cha haraka," tukumbuke kwamba haraka ya mandazi inalipwa baadaye, na anayelipa ni mdogo wetu wa miaka miwili ambaye hakuulizwa.

Neno la nne halikutoka kwa wazee. Limetoka kwa wageni wetu wa semina.

Tunawashukuru wanaokuja kutufundisha, wana nia njema. Lakini mwaka juzi mama zetu waliitwa mahali, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, wakaonyeshwa karatasi kubwa yenye picha: maziwa, mayai, nyama, karoti, tofaa jekundu. "Huu ndio mlo kamili," wakaambiwa, "kila jioni familia ipate vitu hivi." Mama mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, hilo tunda jekundu linaota wapi hapa?" Watu wakacheka, karatasi ikakunjwa, kila mtu akaenda kwake. Hakuna aliyewauliza wanarudi nyumbani saa ngapi. Hakuna aliyeuliza makala kiasi gani yamebaki kwenye gunia. Na hakuna aliyeuliza, katika nyumba ile, nani mwingine ana mikono miwili.

Sisi tunasema hivi: chakula bora hapa tunacho. Pwani hii ya ziwa, ukiangalia vizuri, imebarikiwa. Rumonge ndiyo nchi ya mawese, kila mtu Burundi anajua. Yale mafuta mekundu yana rangi ileile ya karoti, na rangi hiyo ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kumkinga mtoto na magonjwa. Basi tusiyachemshe mpaka yawe meupe kama wengine wanavyopenda, maana ile rangi ikiungua faida inaondoka nayo. Wala tusiyamimine kama maji: kijiko kimoja au viwili kwa sufuria vinatosha, mafuta yakizidi yanachosha moyo. Ziwa linatupa ndagala, na ndagala inaliwa nzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo mtoto anapata cha kujenga misuli na cha kukaza mifupa yake kwa mara moja. Lengalenga linaota hata nyuma ya choo, bila kupandwa. Matembele yapo. Maharagi yapo. Ndimu zipo. Mlo kamili uko sokoni kwetu, unauzwa kwa kipimo cha kopo. Kinachokosekana ni saa na mikono, na mikono tunayo, imeshika simu.

Neno la tano ndilo gumu, na lilisemwa na dada zetu wenyewe: "Mtapika nini ninyi? Mtaunguza, mtamaliza makala, halafu sisi tutapika tena."

Hilo lilituuma kwa sababu ni kweli. Wiki ya kwanza tuliunguza. Kuna mmoja alisonga bugali ukawa na mabuja kama mawe ya mto. Mwingine alipika ndagala bila kuzichambua, familia nzima ikatafuna mchanga. Lakini tumeendelea, na tumejifunza kwa mama zetu na kwa dada zetu, na tunayaandika hapa ili kijana mwingine asiseme hakuambiwa.

Kwanza, kazi ya jioni inaanza asubuhi. Maharagi yanayochemshwa makavu yanakula saa mbili, tatu, na makala ya siku mbili. Lakini ukiyaloweka asubuhi kabla ya shule, jioni ukamwaga maji yale ukaweka mapya, yanaiva haraka zaidi sana. Kuna njia nyingine pia: yachemshe kweli kweli, yarukeruke, kama nusu saa, kisha ufunike sufuria, uizungushie blanketi kuukuu au uitie ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu ya ndizi, uiache saa tatu au nne. Joto lililomo ndani linamaliza kazi bila makala. Ukirudi, yachemshe tena kabla ya kula. Lakini usiruke ule mchemko wa kwanza, maana maharagi yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo. Kulowesha maharagi ni kazi ya dakika mbili. Hakuna mvulana ambaye asubuhi yake haina dakika mbili.

Pili, ununue ndagala zilizoanikwa juu ya waya ukiweza. Zamani zote zilikuwa zinaanikwa chini mchangani. Siku hizi kwenye mialo mingi kuna vitanda vya waya vilivyoinuliwa, jambo ambalo FAO walilihimiza upande huu wa ziwa, na ndagala za waya zinakauka haraka, hazina mchanga, hazikuchukui muda kuziosha. Zisuuze kwa maji ya moto, zikaange kidogo na kitunguu na nyanya kwenye kijiko cha mawese, tia lengalenga lililokatwa, funika. Lengalenga linaiva kwa muda mfupi kabisa. Kamulia ndimu mwishoni, maana ndimu inasaidia mwili kuchukua chuma kilicho kwenye mboga. Mbabula ikiwa imeshawaka, mboga na bugali vyote viwili vinakuwa tayari chini ya saa moja. Tumeshafanya hivyo mara nyingi sasa. Mama akifika chakula kiko tayari.

Tatu, kuna chakula kisichokimbizwa. Sombe ni sombe. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake, ndiyo maana bibi zetu waliyatwanga na kuyachemsha muda mrefu, mara ya kwanza sufuria ikiwa wazi. Kijana asije akasema "mimi napika haraka" akawalisha watu majani mabichi. Sombe iwekwe Jumamosi au Jumapili, itwangwe na wote, ipikwe nyingi. Na muhogo mchungu vilevile, unga wake lazima uwe umeloweshwa na kukaushwa kama desturi. Haraka ina mahali pake na mahali ambapo si pake.

Nne, ndagala si za kila siku, tujue hivyo. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti samaki, ndagala zinaadimika na bei inapanda. Na nchi nne za ziwa, Burundi, Congo, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kulipumzisha ziwa ili samaki wazaliane. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tusilalamike tu. Ziwa lisipopumzika, wajukuu wetu watasoma habari za ndagala kwenye vitabu. Kwa jioni za namna hiyo weka akiba ya ndagala kavu, au jaza nafasi yake kwa maharagi na karanga zilizosagwa. Karanga kwenye matembele, hata mtoto anayekataa mboga analamba sahani.

Mnaona? Hakuna tofaa jekundu hapo. Hakuna kubu tatu za mchuzi zinazofanya mboga zote ziwe na ladha moja ya chumvi. Ni vitu vya soko letu, kwa mikono ya watu wawili watatu badala ya mmoja.

Kuna neno la mwisho, na tulisita kuliandika. Baadhi ya wenzetu wanasema, "Sisi ni wakimbizi, tuna matatizo makubwa kuliko hayo. Tupiganie kwanza karatasi, kazi, amani ya kwetu. Mambo ya jikoni yatajipanga yenyewe."

Ndugu zetu, ziwa hili limebeba wakimbizi wa pande zote. Mwaka 1972 Warundi wa hapa Rumonge walivuka kwenda Congo na Tanzania. Mwaka 1996 watu wa kwetu walivuka kuja na kwenda. Januari 2018 maelfu walitoka Fizi kwa mitumbwi, usiku, wakashukia pwani hii hii. Kati yetu wamo waliokuwa watoto ndani ya mitumbwi hiyo. Tunajua kukimbia ni nini. Na tunajua jambo moja ambalo kukimbia kumetufundisha: mtu anapoteza nyumba, anapoteza ng'ombe, anapoteza mashamba ya michikichi, lakini alichojifunza shuleni hakuna mwenye bunduki anayeweza kukichukua. Ndiyo maana wazazi wetu, hata waliofika na nguo za mwilini tu, walitupeleka shule kabla ya kununua godoro.

Sasa tukisema shule ndiyo mali pekee ya mkimbizi, halafu jioni tunampokonya dada yetu saa tatu za kusoma ili sisi tule tukiwa tumekaa, sisi ni nani? Tumemfanyia dada yetu kile ambacho vita vilitaka kutufanyia sote, na tumekifanya bila hata bunduki, kwa swali moja tu: chakula kiko wapi?

Amani ya kwetu haiko mikononi mwetu peke yetu. Karatasi haziko mikononi mwetu, tunapanga foleni na kungoja. Mwiko uko mikononi mwetu. Hakuna ofisi ya kuomba ruhusa, hakuna muhuri, hakuna "rudi wiki ijayo." Mtu ambaye hawezi kutenda haki ndogo iliyo ndani ya uwezo wake leo jioni, akisimama kesho kudai haki kubwa, nani atamwamini?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunaanza wenyewe.

Kwa wavulana wa kila nyumba: jioni tatu kwa wiki, moto ni wako. Si "kumsaidia dada". Ukisema unamsaidia, maana yake kazi bado ni yake. Ni zamu yako. Maji, makala, mboga, vyombo, mpaka mwisho. Anayepika halafu akaacha sufuria chafu, hajapika.

Kwa wazazi: msitucheke mbele ya majirani. Baba akimkuta mwanawe kwenye mbabula, amwambie tu, "Asante mwanangu." Neno hilo linatosha. Na msimwite binti aje amalizie. Bugali ukiwa na mabuja, tule na mabuja. Wiki ijayo utakuwa laini.

Kwa dada zetu: samahanini. Tumechelewa. Hatuombi sifa, na tafadhali msipige picha za kutuonyesha kama maajabu. Jioni za zamu yetu, chukueni daftari mkae karibu na taa, kwanza, kabla ya sisi.

Yule dada wa kisa chetu tumekaa na wazazi wake. Haikuwa rahisi. Mama yake alilia, baba yake alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Akirudi shule, jioni nani atapika?" Kaka yake akajibu, "Mimi, baba." Mzee akamwangalia, akasema, "Tutaona."

Amerudia mwaka wa tisa. Jioni ya jana tulipita kwao. Jua lilikuwa limeshazama, milima ya ng'ambo imekuwa myeusi, upepo wa ziwa unapuliza makala. Kaka alikuwa amechuchumaa anageuza ndagala, jasho linamtoka, anapiga kelele aletewe chumvi. Dada hakuinuka. Alikuwa na kitabu cha Kifaransa magotini, akasema bila kuinua macho, "Chumvi iko kwenye kopo la bluu, ulipoiweka wewe mwenyewe juzi."

Tuonane wiki ijayo, kwa habari ya vitambulisho. Leo ni zamu zetu, tunakwenda kuwasha moto.

Ni sisi, vijana wakimbizi wa pwani ya Rumonge.